Chungu Hakina Kulia Wala Kushoto

Watu huniuliza nilianzaje kufinyanga vijumba, na kila anayeniuliza namjibu jibu lake. Sisemi uongo. Ni kwamba kila nikiulizwa nakumbuka mwanzo mwingine. Kuna siku naona nilianza kwa sababu vyungu vilikuwa havinunuliki tena, watu wamehamia sufuria na ndoo za plastiki. Siku nyingine naona nilianza kwa ajili ya yule mwalimu wa Ruangwa. Na siku nyingine, hasa nikijilaza mchana na mvua inagonga bati, naona nilianza nikiwa mtoto kabisa kule kwenye nyumba ya reli, na vyungu vyote nilivyofinyanga hapo katikati vilikuwa kupitisha muda tu. Mtanisamehe. Shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe sikulimaliza vizuri.

Nakaa Mkotokuyana, upande wa Nachingwea, na udongo wangu nauchukua bondeni, palepale bibi mzaa mama alipokuwa akija kuuchukua toka Kiegei. Huko hatuendi tukiwa tumegombana, maana udongo uliochimbwa kwa ugomvi hupasuka motoni. Mimi nimewahi kwenda nimenuna na vyungu havikupasuka, na nimewahi kwenda nikiimba vikapasuka vyote. Sijui. Ila bado siendi nikiwa nimenuna.

Sasa niseme tunavyofinyanga, maana baadaye nitalihitaji jambo hili. Kwetu chungu kinaanzia mdomoni. Unaweka bonge la udongo juu ya kigae, unalizunguka wewe mwenyewe umeinama kama anayepalilia, unavuta mdomo, shingo, mabega. Unaacha upepo ukipige mpaka kishike. Kisha unakipindua, mdomo chini, unakwangua huo udongo mnene uliobaki na kufunga kitako, ndipo kinakuwa chungu. Mikono yangu haijui njia nyingine. Kijumba nacho nakifanya hivyohivyo, msingi ndio mdomo wake. Nasimamisha kuta kichwa chini, msingi ukiwa juu, natoboa milango, nabandika vibaraza, halafu napindua, nafunga paa. Jirani yangu huniambia, "Wewe nyumba yako inajengwa na popo." Namwambia popo naye ana kwake.

Cha kwanza kilikuwa stesheni. Nachingwea ilikuwa na reli zamani. Ukiwaambia vijana wanacheka, "Bibi, treni? Hapa?" Ndiyo, hapa. Iliwekwa kwa ajili ya karanga za wazungu, karanga zikakataa, na reli nayo baadaye ikang'olewa, vyuma vikaondoka kama vilivyokuja. Baba yangu alikuwa mfagizi wa stesheni. Nikaifinyanga kwa kukumbuka, na paa lake lililotokeza mbele kama kofia, nikaipeleka mnadani na vyungu vyangu, nikidhani mtoto wa mtu ataipenda achezee. Akaipenda mtu mzima.

Huyo ndiye mwalimu. Ni mwanamke, mtu wa Kanda ya Ziwa, amepangiwa sekondari huko Ruangwa, na siku ile alikuja Nachingwea kwa mambo yake. Akaigeuza stesheni huku na huku, akaipuliza vumbi. Toka siku hiyo akawa ananiagiza. Duka la zamani la Mhindi lenye nguzo za duara, nikamfinyangia. Msikiti wa kwanza wa mabati, nikamfinyangia, ingawa mabati kwa udongo ni kazi ya adhabu. Mpaka hapo tulikuwa tunaelewana. Halafu siku moja akaniambia:

"Bibi, sasa nataka unifinyangie Kusahau."

"Kusahau nini?"

"Kusahau tu. Kwenyewe."

"Kwani kunafananaje?"

"Si lazima kufanane na kitu, bibi. Wewe fikiria kusahau, uache mikono ifanye."

Nilirudi nyumbani nikiwa kama mtu aliyeteremshwa njiani. Nilimwona ni mwalimu mwenye akili zake, na hajanywa. Nikafikiria kusahau, lakini ukifikiria kusahau unaanza kukumbuka, ndiyo shida yake. Mwisho nikafinyanga chungu kisicho na mdomo. Nikakifunga pande zote. Jirani akaniuliza, "Hicho ukitaka kupikia, tumboni mwake utaingilia wapi?" Nikakichoma. Mtu yeyote anayejua moto angeniambia kilichofuata, na mimi mwenyewe naujua moto kuliko wengi, lakini nilikuwa nimechanganyikiwa na maneno ya mwalimu. Hewa haikuwa na pa kutokea. Kilipasuka kwa kishindo, kuku wakaruka uani, na jirani akadhani ni gurudumu la lori. Nikaona aibu, nikampelekea mwalimu vigae nimwonyeshe kwamba nilijaribu. Akavishika kimoja kimoja, machozi yakamlengalenga, akasema, "Kusahau umekuweza, bibi." Mpaka leo vigae hivyo viko kwenye rafu yake.

Nayasema haya ya mwalimu kwa sababu bila yeye nisingejua kwamba udongo unaweza kufinyangwa bila kufananishwa. Na kama nisingejua hilo, mama yangu mzazi angechimbiwa choo.

Nieleze.

Tulikuwa tunakaa kwenye nyumba ya reli. Ilikuwa ya matofali, ndefu, vyumba vitatu vinafuatana kama mabehewa, imeelekea kwenye reli. Mwisho wake mmoja palibandikwa jiko la miti na udongo, sakafu yake ya udongo pia, na dirisha moja dogo linalotazama nyuma. Mama alifariki masika, mimi meno ya utotoni ndiyo kwanza yanang'oka, dada yangu karibu kuingizwa unyago. Kwao mama ni Kiegei, ndiko angezikwa, lakini mito ilikuwa imejaa na njia imekatika. Basi wakamzika nyuma ya nyumba, upande wa jiko, hatua chache kutoka dirishani.

Sisi wanawake hatuendi kuzika, hilo kila mtu analijua. Wanaume walitoka na jeneza, wanawake wakabaki ndani wakilia, na mimi na dada tukajibanza jikoni tukatazama kupitia dirisha. Tuliona migongo ya wanaume, tukaona majembe yanapanda na kushuka. Baadaye tukaona baba anaweka juu ya kaburi mtungi wa mama wa maji, ametoboa kitako chake. Ndivyo inavyofanywa kwetu. Hatukusogea karibu hata siku moja. Reli ilipong'olewa tukahamia Kiegei kwa bibi, na baba ndiye aliyekuwa anakwenda peke yake kufagia kaburi, mpaka naye akafa. Wote waliozika wamekufa. Nyumba wakaibomoa watu wenye haja na matofali. Kilichobaki ni ile sakafu ya saruji ya vyumba vitatu, ndefu, nyasi zimeota kwenye nyufa, na ncha zake mbili zinafanana kama ncha mbili za fimbo. Upande mmoja wa sakafu kuna mikorosho, upande mwingine wameweka bomba la maji miaka hii ya karibuni. Jiko, kwa vile lilikuwa la udongo, halikuacha alama.

Sasa mwaka jana, nikitoka sokoni Nachingwea, nikakuta pale pamefyekwa na tofali zimepangwa. Nikamtafuta mwenye kiwanja. Ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mtu wa Njombe, mnene, mpole, anatembea kama anaomba radhi. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema:

"Bibi, na mimi nina mama. Nionyesheni kaburi liko wapi, nitaliacha na nitalizungushia matofali kwa heshima. Ila msiniambie liko hapahapa, maana hapahapa ni kiwanja kizima. Nyumba nitaiweka juu ya sakafu hii ya zamani. Huku mwisho mmoja, kwa nyuma, nitachimba shimo la choo. Mwisho mwingine itakuwa bustani. Chagueni nyie bustani iwe wapi."

Mtu muungwana kabisa. Nikafungua mdomo nimwambie jiko lilikuwa upande gani. Nikaufunga. Nikatazama mikorosho, nikatazama bomba. Mikorosho ilikuwepo? Labda. Bomba halikuwepo, hilo nina hakika, karibu hakika. Nilichokuwa nacho kichwani ni picha ya nyumba, nzuri, naiona na jiko lake, lakini kila nikiisimamisha pale juu ya sakafu inageuka. Mara jiko liko huku, mara liko kule. Nikamwambia, "Mwanangu, nipe muda nikamuulize dada."

Dada yuko Ruangwa mjini, anakaa kwa binti yake, si mbali na stendi. Macho yake yameingiwa presha, haoni tena, anaona mwanga tu kama wa mlangoni. Alikuwa mfanyabiashara wa vitumbua maisha yake yote na mdomo wake bado una mafuta ya moto.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekuja kuniona au kuonekana? Maana kuonekana hapa hakuna."

Nikamweleza habari za kiwanja. Akasema yeye anakumbuka dirisha tu. Jiko lilikuwa kulia au kushoto hajui, na hata akijua, kulia kwa nani? Halafu akasema jambo ambalo niliona la hekima sana. "Nasikia unamfinyangia mwalimu majumba ya Wahindi. Nifinyangie na mimi nyumba yetu. Macho yamekwisha, lakini vidole vyangu vinakumbuka. Vikiishika vitajua."

Nikaenda nikaifinyanga. Sijawahi kufanya kazi kwa uangalifu kama huo. Kabla ya kuanza nilikaa chini, nikafumba macho, nikajiona mtoto nimesimama kwenye reli natazama nyumbani kwetu. Nikaliona jiko mkono wa kushoto. Nikasema basi, kushoto, nisilipoteze. Nikawa nalitamka huku mikono inafanya kazi, kushoto, kushoto, mpaka jirani akauliza ni kwaya gani. Nikasimamisha kuta, nikatoboa milango, nikabandika jiko mkono wangu wa kushoto, nikatoboa dirisha lake kwa kijiti. Nikaacha ishike. Nikapindua, nikafunga paa. Nikaisugua kwa gunzi la hindi, nikaichoma, ikatoka nyekundu, hata ufa hauna. Nikaifunga kwenye khanga, nikapanda gari la Ruangwa nimeipakata kama kichanga.

Dada aliiweka mapajani. "Umeniletea nyumba au mkate?" Halafu hakutania tena. Vidole vikaanza kutembea. Vikapita barazani, vikaingia mlango wa kati, vikatoka. Vikapanda paa. Vikafika mwisho, vikaligusa jiko, kidole kidogo kikaingia dirishani kikakaa humo. Akasema kwa sauti ya chini, "Ndiyo yenyewe. Ndiyo nyumba yetu hii. Mama yuko hapa," na kidole kingine kikagusa hewa nyuma ya dirisha.

Tukalia pale wote wawili, vizee viwili na nyumba ya udongo. Kisha tukaielekeza kama ilivyokuwa, mbele kwenye reli. Ukisimama relini unatazama nyumba, mikorosho iko kulia kwako na bomba kushoto. Na jiko la nyumba ile ya udongo lilikuwa kulia. Upande wa mikorosho. Binti yake akampigia simu mwenye kiwanja, tukamwambia: mikorosho ndiyo bustani, choo chimba kwenye bomba. Akashukuru, akasema wachimbaji wataanza baada ya sikukuu.

Mtasema: ulikuwa umelitamka kushoto mpaka jirani akasikia, hukushtuka kuliona kulia? Sikushtuka. Dada alikuwa ameshasema ndiyo yenyewe, na nyumba ilikuwa nzuri, na mimi nilikuwa nalia. Kitu kizuri ukikiona hukiulizi maswali. Nilirudi Mkotokuyana nimetulia, na yule mwalimu alikuwa ameniomba nimwachie ile nyumba pale Ruangwa aitazame siku mbili tatu.

Nikaanza kazi nyingine. Lilikuwa ghala la zamani la karanga, lenye ngazi ya nje. Nikasimamisha kuta kichwa chini kama kawaida, nikabandika ngazi mkono wa kulia, nikaenda kuchochea maharage. Niliporudi udongo umeshika, nikapindua. Nikaigeuza mbele yake inielekee. Ngazi ilikuwa kushoto.

Nikairudisha kichwa chini. Kulia. Nikapindua. Kushoto.

Nilikaa chini vile vile na udongo mikononi mpaka ukanikaukia na maharage yakaungua. Miaka yote hiyo ya vyungu! Nimepindua vyungu ambavyo sina idadi yake, na hakuna kilichowahi kubadilika, kwa sababu chungu hakina kulia wala kushoto. Kina juu na chini basi. Hata duka la Mhindi nililomfinyangia mwalimu nguzo zilikuwa sawa pande zote, na stesheni nayo ilikuwa sawa, ndiyo maana sikugundua. Bibi alinifundisha kupindua, hakunifundisha kinachopinduka.

Basi utasema mambo ni rahisi: jiko nililibandika kushoto, likawa kulia, kwa hiyo la kweli ni kushoto, upande wa bomba, mpigie simu mtu wa Njombe. Ndivyo nilivyosema na mimi, kwa muda wa kuosha mikono. Halafu nikaanza kufikiri, na kufikiri ndiko kulikoniharibia. Je, kama mikono yangu ilijua itapindua, ikabandika kwa hesabu yake? Mikono ya mfinyanzi ina siri zake. Na ile kushoto niliyoiona nimefumba macho, niliiona nikiwa relini natazama nyumba, au nikiwa mlangoni natazama reli? Nikafumba macho tena niitazame. Sikuona tena nyumba ya reli. Niliona nyumba ya udongo, nyekundu, ile niliyoifinyanga mwenyewe, na jiko lake kulia. Ile ya kweli ilikuwa imetoka, imeipisha. Nikatafuta kila pembe ya kichwa. Hakuna.

Nikampigia mwenye kiwanja.

"Mwanangu, lile shimo usichimbe kwanza."

"Kwani vipi, bibi? Upande wa bomba si mlisema salama?"

"Tulisema."

"Sasa nichimbe upande wa mikorosho?"

"Huko nako usichimbe."

Nikasikia mtu ananunua misumari kwake. "Bibi," akasema, kwa upole uleule, "mafundi wangu ni watu, kila siku wanajisaidia porini. Nipeni jibu kabla ya Ijumaa."

Nikapanda gari la Ruangwa. Nilipomweleza dada, kwanza alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo nyumba yetu umeivalisha kinyume kama fulana!" Halafu kicheko kikakatika. Akasema, "Mdogo wangu, mimi sasa sikusaidii. Kabla hujaniletea ile nyumba nilikuwa na dirisha tu, lakini lilikuwa langu. Sasa nikikumbuka nakumbuka udongo wako. Vidole vimeshakubali. Hata ukinipa yenye jiko kushoto, vitasema ni ya mtu mwingine."

Hapo ndipo niliogopa kweli. Yeye alikuwa shahidi, na mimi nilikuwa nimemharibu. Tukaenda kukaa kibarazani. Mchana ule yule mwalimu akapita kuirudisha nyumba, akaiweka juu ya mkeka, akatuuliza kwa nini tumenuna mbele ya kazi nzuri hivyo. Nikamwambia imepinduka. Akaitazama, akasema imekuwa nzuri zaidi kwa kupinduka. Wasomi wana moyo. Lakini nilipomwona nikakumbuka lile neno lake, si lazima kufanane na kitu.

Nilikuwa na bonge la udongo mbichi kwenye mfuko wa plastiki. Mfinyanzi hasafiri bila udongo, kama vile wengine hawasafiri bila tumbaku. Nikaliweka mapajani mwa dada.

"La nini hili? Mimi tope nililikataa toka utotoni. Bibi alinichapa, nikalikataa vilevile."

"Usifinyange nyumba," nikamwambia. "Nyumba iache kabisa. Fikiria tulivyokaa siku ile. Acha mikono."

"Tulikaa kama watu wanavyokaa."

"Basi fanya hivyo."

Akanung'unika kuhusu kucha zake. Akalikata bonge vipande viwili, kikubwa na kidogo. Akakisimamisha kikubwa, bila kichwa, bila mikono, kama kinu kidogo. Kile kidogo akakibandika ubavuni mwa kikubwa, upande wa kushoto, akakikandamiza kwa nguvu mpaka vikaingiana. Mimi huyo. Nilimshika sana siku ile. Halafu akabaki anapapasa mkeka, anatafuta kitu, nikampa udongo uliobaki. Akaubapaza kama chapati, akausimamisha upande wa kulia wa lile bonge kubwa, akaliegemeza bonge hapo. Akabonyeza pale begani kwa kidole gumba. Akaguna, "Ss," kama aliyeungua.

"Nini?"

"Jipu," akasema. "Nilikuwa na jipu. Wewe! Nilikuwa na jipu begani, siku tatu silali. Nililiegemeza kwenye ukuta wa nyumba, ule wa matofali, wa chokaa, kwa sababu ulikuwa wa baridi. Kuta nyingine za jikoni zilikuwa za moshi na moto. Mama anazikwa na mimi nawaza jipu. Shangazi akanikung'uta chokaa baadaye, akaniambia nimekuwa mzungu nusu."

Akateremsha gauni begani, bega la kulia. Kovu lilikuwepo, jeupe, la mviringo, limekunjamana kama kitovu. Nimeliona maisha yangu yote sikuliuliza.

Mwalimu akawa ananitazama mimi, mimi natazama yale mabonge. Nikayageuza polepole, safari hii bila kupindua kitu. Tulikuwa tunatazama nyuma, dirishani. Ukuta wa nyumba ulikuwa bega la kulia. Basi nyumba yote ilikuwa kulia kwetu, na sisi tulikuwa ncha ya kushoto. Upande wa bomba. Nikahesabu tena, nikakosea, nikahesabu tena. Upande wa bomba.

"Una uhakika ni bega hilo?" nikamuuliza dada, swali la kipumbavu.

"Unataka jipu lije liape?"

Kesho yake tulimchukua dada kwa gari mpaka Nachingwea. Mwenye kiwanja alikuwa amesimama pale na fundi wake, na wachimbaji wamekaa juu ya tofali. Nikamwongoza dada kwa mkono mpaka mwisho wa sakafu, upande wa bomba, pale ilipoishia saruji na kuanza udongo. Nikamgeuza atazame nyuma. Akasimama, akapapasa hewa upande wake wa kulia.

"Ukuta uko wapi?"

Hakukuwa na ukuta. Nikasimama mimi pale ulipokuwa, nikakaza miguu, naye akaniegemea kwa bega lake lenye kovu. Amekuwa mwepesi sana dada yangu. Tukakaa hivyo mbele ya wanaume wote wale na hakuna aliyecheka. Halafu akanyoosha mkono mbele, akauteremsha kidogo, mtu anavyotazama kupitia dirisha fupi. "Pale."

Mwenye kiwanja akaenda mwenyewe, akapiga vijiti vinne. Tukatafuta vigae vya mtungi, tukavipata, lakini Nachingwea ukikwaruza popote utapata vigae, sitaki kuwadanganya. Dada akasoma Fatiha. Mtu wa Njombe ni Mkristo, akavua kofia, akasubiri.

"Sasa choo, bibi zangu?"

"Chimba kwa mikorosho, mwanangu," dada akasema. "Na ukikuta mfupa utuite."

Hapo roho yangu ikaanza upya. Walipochimba nilikaa kwangu na simu mapajani, sikufinyanga, sikupika. Jipu moja ni ushahidi? Na kovu halihami, lakini kumbukumbu za watu je? Jioni simu ikaita.

"Bibi, tumefika mwisho wa shimo. Hatukukuta kitu."

"Udongo wake ukoje?"

"Mwekundu. Mgumu kama mwamba, wachimbaji wananidai nyongeza."

"Umechanganyika na mweusi wa juu? Una majivu, una nyuzi za mizizi iliyooza?"

"Hapana. Mwekundu mtupu, toka juu mpaka chini."

Udongo uliowahi kuchimbwa haurudi kuwa hivyo, hata upite miaka. Mweusi unabaki umechanganyika na mwekundu, kama uji uliokorogwa nusu. Nikamwomba aniwekee ndoo moja nije niushike. Nilikwenda, nikaushika, nikaonja kidogo kwa ulimi kama bibi alivyonifundisha. Haukuwahi kuguswa na jembe la mtu.

Niliurudisha shimoni. Haufai kufinyangia, una mchanga mwingi.